Mwili mzito, pumzi fupi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuanza mazoezi

Baadhi ya maswali haya watu huyauliza kabla hawajaanza. Mengine huja wiki ya pili, mwili unapoanza kulalamika. Majibu yamewalenga watu wazima wenye uzito mkubwa ambao hawajafanya mazoezi kwa miaka, hasa wakazi wa miji ya pwani yenye joto kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Mkazi wa Iringa au Limuru aruke habari za joto, atafute sweta.

Sijafanya mazoezi tangu nimalize shule. Nianze na nini?

Anza kutembea. Dakika 10 kwa siku, siku 5 za wiki, kwa wiki 2 za mwanzo. Dakika 5 za kwenda, 5 za kurudi, basi.

Wengi wakisikia hivyo hukunja uso. Mazoezi wanayoyakumbuka ni mchakamchaka wa shule ya msingi: asubuhi na mapema, nyimbo, vumbi, na mwalimu anayefuata nyuma na fimbo. Kwao, kama mtu hajatweta basi hajafanya kitu. Lakini yule mtoto wa mchakamchaka alikuwa na kilo 30, na kutwa nzima alikuwa anacheza rede na kuruka kamba. Wewe una kilo 95 na kutwa nzima umekaa kwenye kiti cha ofisi au nyuma ya meza ya duka. Ukianza pale alipoishia yeye, utaumia.

Sababu ni hii. Moyo na mapafu hujifunza haraka. Ndani ya wiki chache tu utaona ngazi zilizokuwa zinakutoa jasho unazipanda huku unaongea. Misuli nayo hufuata upesi. Lakini kano, yaani zile kamba zinazoishikiza misuli kwenye mfupa, pamoja na gegedu la magoti, yaani ule mto laini ulio kati ya mifupa, na mifupa ya nyayo, huzoea polepole sana, kwa miezi. Kwa hiyo kuna kipindi pumzi imeshapatikana, hamu imepanda, na kisigino bado hakiko tayari. Hapo ndipo watu wanapoumia, na ndipo wanaposema "mazoezi hayanifai". Kasi yako iamuliwe na viungo vyako. Ukiisikiliza hamu, itakudanganya.

Je, lazima nimwone daktari kwanza?

Kwa kutembea dakika 10 polepole, watu wengi hawahitaji ruhusa ya mtu. Lakini mwone daktari kwanza ikiwa una ugonjwa wa moyo, figo au kisukari. Ikiwa kifua hubana unapopanda ngazi. Ikiwa umewahi kuzimia. Ikiwa miguu inavimba au unakosa pumzi ukilala chali. Au ikiwa ni mjamzito au umejifungua karibuni.

Wengine wote, hata wanaojiona wazima, wapime presha na sukari kabla ya kuanza. Presha haina tabia ya kubisha hodi. Kipimo cha 140/90 kikijirudia siku tofauti, hiyo ni presha ya juu na inahitaji kufuatiliwa, ingawa kutembea haikuzuii. Ikifika 180/110 au zaidi, mazoezi yasubiri mpaka ishushwe.

Ukiwa huko kituo cha afya, waombe wakupime uzito na urefu. Kilo zako gawanya kwa urefu wako katika mita, kisha jibu ligawanye tena kwa urefu uleule. Mtu wa kilo 95 mwenye urefu wa mita 1.62 anapata 36. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Mimi hupenda zaidi futi ya fundi cherehani: kiuno kikizidi sentimita 88 kwa mwanamke au 102 kwa mwanaume, mafuta yamejaa tumboni, na hayo ndiyo yanayoisumbua zaidi sukari na moyo.

Nitajuaje kama najitahidi vya kutosha, au nimepitiliza?

Tumia mdomo wako. Ukiweza kuimba taarabu mstari mzima bila kukata pumzi, unatembea kivivu, ongeza kidogo. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini kuimba kunakushinda, hapo ndipo penyewe. Ukitoa maneno mawili matatu kisha ukahema, punguza mwendo. Kwa miezi 2 ya mwanzo usiwe na haja kabisa ya kufika huko kwenye kuhema.

Saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo ni nzuri kwa anayependa namba, ila zina mtego. Anayetumia dawa za presha na moyo kama atenolol au bisoprolol, mapigo yake hayapandi inavyopaswa, kwa kuwa dawa yenyewe inayazuia. Akiikimbiza namba ya kwenye saa atajiumiza. Kipimo cha kuongea hakina shida hiyo.

Niongeze kwa kasi gani?

Kila baada ya wiki 2, ongeza dakika 5 kwa kila siku ya kutembea. Wiki ya 1 na ya 2 ni dakika 10. Ya 3 na ya 4 ni 15. Ya 5 na ya 6 ni 20. Ya 7 na ya 8 ni 25. Wiki ya 9 unagusa dakika 30 kwa siku 5, ambazo ni dakika 150. Hicho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linakishauri kwa mtu mzima kila wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2.

Wiki ukiwa na maumivu ya kiungo, usiongeze. Rudia kiwango kilekile. Ikibidi urudie mara tatu, rudia, hakuna anayekudai. Na ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja: ukiongeza dakika, usiongeze mwendo, ukihamia njia yenye kilima, kama zile za Mlimani kule Chuo Kikuu, punguza dakika.

Kwa mwenye uzito mkubwa sana, kilo 130 na kuendelea, au anayechoka hata akienda bafuni, dakika 10 zinaweza kuwa nyingi. Agawe: dakika 3 asubuhi, 3 mchana, 3 jioni, hata kwenye korido ya nyumba. Zamani ilisemwa lazima uunganishe dakika 10 ndipo zihesabike. Mwongozo huo wa 2020 umeliondoa sharti hilo. Kila dakika inahesabika.

Magoti yananiuma. Si bora nipungue kwanza ndipo nianze?

Hili ndilo swali gumu, na jibu ni hapana. Goti lisilotumika misuli yake ya paja husinyaa, na misuli ikisinyaa uzito wote unaliangukia goti lenyewe. Ukisubiri upungue huku umekaa, goti linazidi kudhoofika na uzito hauondoki.

Ni kweli kwamba uzito unaliumiza goti. Watafiti waliopima watu wanene wenye ugonjwa wa magoti waliona kwamba kila kilo 1 inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Hesabu hiyo ina upande mzuri: kilo 3 tu zikiondoka, goti limeshapumua kilo 12 kila unapokanyaga.

Fanya hivi. Kwanza yape maumivu alama kuanzia 0 mpaka 10. Yakibaki 3 au chini, na kesho yake asubuhi yakawa yametulia, endelea. Yakizidi hapo, au goti likavimba na kuwa la moto, punguza dakika kwa nusu. Likivimba tena hata baada ya kupunguza, lipeleke likaangaliwe.

Pili, chagua njia tambarare. Kushuka mlima au ngazi kunaumiza goti kuliko kupanda, jambo ambalo wengi huliona kinyume. Na ukingo wa barabara ulioinamia upande mmoja, kama ulivyo mwingi wa kwetu, unachosha goti la upande mmoja. Badilisha upande unaporudi.

Tatu, imarisha mapaja. Kaa kwenye kiti kigumu, simama bila kusukuma kwa mikono, kaa tena taratibu. Mara 5, pumzika, mara 5 tena, siku 2 au 3 kwa wiki. Kiti kikiwa kifupi mno weka mto juu yake. Kochi la sebuleni halifai, linakumeza.

Nne, kama uko karibu na bahari, tumia maji. Ukisimama maji yakiwa kiunoni, yanakubebea karibu nusu ya uzito wako. Yakifika kifuani yanabeba zaidi ya hapo. Nenda maji yakiwa yamejaa na yametulia, vaa yeboyebo kwa ajili ya mawe na miiba, usiende peke yako, na tembea sambamba na ufuko. Wanawake wengi wazito wanaoogopa barabara hulipenda zoezi hili, kwa sababu kwenye maji hakuna anayeona umbo la mtu.

Siku ya pili mwili wote unauma. Nimejiumiza?

Maumivu ya misuli yanayoanza kesho yake, yakazidi siku ya pili, kisha yakaisha ndani ya siku 3 hivi, ni ya kawaida. Yanakuwa pande zote mbili na hupungua ukijinyoosha na kutembeatembea.

Maumivu yasiyo ya kawaida hukaa sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole: nyuma ya kisigino, mbele ya ugoko, upande wa ndani wa goti. Haya yakikuandama, punguza mara moja, usisubiri yazoee.

Kuna moja linalowapata sana wenye uzito: kisigino kuuma vibaya hatua za kwanza unapotoka kitandani, kisha kuachia baada ya kutembea kidogo. Ni utando wa chini ya unyayo uliochoka. Usikanyage marumaru peku, vaa kandambili zenye soli nene hata chumbani. Jioni gandisha chupa ndogo ya maji, iviringishe chini ya unyayo dakika chache, na unyooshe misuli ya nyuma ya mguu. Huchukua wiki nyingi kupona, tena kwa mwenye haraka huchukua nyingi zaidi.

Kichomi cha ubavuni wakati wa kutembea mara nyingi ni kwa sababu umekula karibuni. Punguza mwendo, pumua kwa kina, kitaachia.

Mapaja yanachubuka mpaka nashindwa kutembea. Nifanyeje?

Ajabu ni kwamba jambo hili hutajwa kwa nadra, na limewakatisha tamaa watu wengi kuliko moyo na mapafu. Paka mafuta ya mgando katikati ya mapaja, kwapani na chini ya matiti kabla ya kutoka. Vaa skintaiti inayofika juu kidogo ya goti, ndani ya suruali, gauni au dera; iwe ya kitambaa kinachokausha jasho, maana pamba ikilowa inasugua kama msasa. Ukirudi, oga upesi na ujikaushe vizuri kwenye mikunjo ya ngozi, kwa sababu unyevu ukibaki huko fangasi hawachelewi. Wanawake wenye matiti makubwa watafute sidiria ya mazoezi inayoshika barabara. Hiyo ndiyo gharama ya kwanza inayostahili, hata kabla ya viatu vipya.

Lazima ninunue viatu vya bei?

Hapana, lakini kandambili na viatu vya ofisini hapana pia. Raba za mtumba za soko la Karume, Dar, zinafaa sana ukijua kuchagua. Bonyeza soli kwa kidole gumba: iwe na unene na irudi ikiachiwa, isiwe imekufa. Kiweke kiatu mezani ukitazame kwa nyuma. Kama kimelala upande mmoja, kiache, mwenye nacho wa kwanza alishakimaliza. Kikunje: kipindie kwenye vidole, kisijikunje katikati kama kitambaa. Nenda kununua jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo, na acha nafasi ya upana wa kidole mbele.

Nifanye saa ngapi?

Kwa pwani, kuanzia saa 12 mpaka saa 1 na nusu asubuhi, au baada ya saa 11 jioni. Mwili mkubwa huhifadhi joto zaidi, na kwenye unyevu wa Dar jasho halikauki, linatiririka tu bila kupooza. Kuanzia Desemba mpaka Machi, punguza mwendo hata kama umeshazoea. Ukianza Juni, kipupwe kikiwa kimeingia, mwili unapata nafasi ya kuzoea kabla ya joto, kwa hiyo usisubiri Januari kwa sababu tu ni Januari.

Kunywa maji kabla ya kutoka na ukirudi. Kwa dakika 30 za kutembea huhitaji kinywaji cha kuongeza nguvu. Hizo chupa za rangi zina sukari tupu. Masika, fanya ndani: tembea papo hapo ukiinua magoti, au panda na kushuka kidaraja kimoja cha ngazi.

Kama unatoka kungali giza, vaa nguo ya rangi nyeupe, tembea ukiyatazama magari yanayokuja, na usizibe masikio yote mawili kwa muziki. Bodaboda hazina njia zao maalumu, zinapita popote.

Naona aibu. Watu wananiita bonge, wengine wanapiga miluzi.

Sitakuambia uwapuuze, kwa sababu anayesema hivyo kwa kawaida ni mtu mwembamba. Tafuta mwenzako mmoja. Watu wawili wanaotembea wanaonekana wana safari, mtu mmoja ndiye anayesimangwa. Badilisha njia, nenda mapema, au tumia eneo ambalo wafanya mazoezi ni kawaida: ufuko wa Coco asubuhi, barabara ya pembezoni mwa bahari kuelekea Feri, au kwa Mombasa pale Mama Ngina. Huko hakuna anayekushangaa, kila mtu ana shida zake na pumzi yake.

Klabu za jogging za mitaani, zile zinazopita Jumamosi asubuhi na nyimbo, zina watu wakarimu kuliko unavyodhani, na mara nyingi nyuma ya kundi kuna mama na baba watu wazima wanaotembea. Shida ni umbali. Njia yao inaweza kuwa kilomita nyingi kuliko uwezo wako, na nyimbo zinakusahaulisha mguu. Mwambie kiongozi tangu mwanzo kwamba utageuza njiani, kisha geuza kweli.

Na jiandae kwa kejeli ya upande wa pili. Ukishapungua, majirani wataanza: "Mbona umekonda, unaumwa?" Kwetu unene bado unahesabiwa na wengi kuwa afya na maisha mazuri, na kukonda kunaleta minong'ono. Jibu fupi linatosha: "Nafanya mazoezi, shangazi."

Sina muda. Kazi za nyumbani hazihesabiki?

Zinahesabika zikikupandisha pumzi. Kudeki, kufua kwa mikono, kuchota maji, kulima bustani, vyote vimo. Kuosha vyombo umekaa kwenye kigoda hakumo. Lakini anayeniambia anafanya kazi za nyumbani kutwa, kisha akapanda ngazi mbili anahema, nadhani jibu analo tayari.

Kwa wasafiri wa daladala na mwendokasi: shuka kituo kimoja kabla ya chako, asubuhi na jioni. Mara nyingi hiyo peke yake ni dakika 10 mpaka 15, na wakati wa foleni huenda ukafika kabla ya uliowaacha ndani.

Nahitaji hatua 10,000 kwa siku?

Huhitaji. Namba hiyo ilitokea Japani mwaka 1965, kampuni ilipouza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua 10,000. Ilikuwa jina la kuvutia wanunuzi, haikutoka maabara. Ukitaka kuhesabu, angalia simu yako wiki moja bila kubadilisha chochote, upate wastani wako. Kama ni 2,500, lengo lako la mwezi huu ni 3,500.

Nimefanya mwezi mzima, mzani haujashuka. Nakosea wapi?

Pengine hukosei popote kwenye mazoezi. Mtu wa kilo 90 akitembea dakika 30 kwa mwendo wa kawaida anatumia kama kalori 150. Soda moja ya mililita 350 ina kiasi hichohicho. Ukirudi na kiu ukaifungua, umelipa ulichokikopa palepale. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo. Sahani ndiyo inayoamua zaidi. Anza na vya kunywa: soda, juisi ya dukani, chai ya vijiko vinne vya sukari. Halafu ukubwa wa bonge la ugali na idadi ya chapati. Mboga ya majani na maharage ongeza. Huhitaji kuacha chakula cha kwenu na kutafuta vitu vyenye majina usiyoweza kuyatamka.

Lakini kuhukumu mazoezi kwa mzani ni kuyaonea. Presha ya juu hushuka kwa kufanya mazoezi mara kwa mara, kwa wenye nayo kiasi cha pointi 5 mpaka 8 ile namba ya juu, hata uzito ukibaki palepale. Sukari baada ya kula hushuka. Usingizi unatulia. Pima kiuno mara moja kwa mwezi, pima muda unaotumia kufika dukani, angalia kama bado unasimama katikati ya ngazi. Mzani upande mara moja kwa wiki, asubuhi, si kila siku. Na lengo la kwanza liwe dogo: kupungua asilimia 5 tu, ambayo kwa mtu wa kilo 95 ni kama kilo 5, kunatosha kuleta nafuu kwenye presha na sukari.

Mkanda wa tumbo, nailoni, chai za kupunguza, na sit-up je?

Nailoni na mkanda vinatoa jasho. Jasho ni maji, ukinywa, yanarudi. Kwenye joto letu, kujifunga nailoni ni kutafuta kuzimia. Chai nyingi za kupunguza unene ni dawa za kuharisha zilizopewa sura nzuri. Sit-up zinakaza misuli iliyo chini ya mafuta, haziyayeyushi mafuta yaliyo juu yake, na kwa mwenye kitambi zinaumiza mgongo. Tumbo hupungua mwili mzima unapopungua.

Je, niingie jimu? Na mazoezi ya nguvu ni ya lazima?

Jimu si lazima. Nguvu ni lazima, kwa sababu ukipungua uzito bila kutumia misuli, unapoteza na misuli. Kuanzia wiki ya 3, siku 2 kwa wiki, fanya zile za kiti nilizozitaja. Kisha simama mbele ya ukuta, weka viganja, usogee na kujisukuma mara 8 mpaka 10. Kisha shika kiti ujiinue kwa vidole vya miguu mara 10. Mwisho beba madumu mawili ya lita 5 yenye maji, moja kila mkono, utembee nayo uani. Usizuie pumzi unaponyanyua. Toa pumzi wakati wa kusukuma. Kuzuia pumzi kunapandisha presha ghafla.

Ukiamua jimu, epuka mwalimu anayekurusha burpee, yaani kuchuchumaa, kujitupa chini na kuruka juu mfululizo, siku ya kwanza ili "akuvunje". Kuvunjwa hakumjengi mtu.

Nina kisukari, au natumia dawa za presha. Nichunge nini?

Anayetumia insulini au vidonge vya aina ya glibenclamide na gliclazide anaweza kushukwa na sukari. Pima kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L), kula kitu kidogo kwanza. Beba pipi au glukosi mfukoni. Ukianza kutetemeka, jasho baridi na njaa ya ghafla, simama, lamba sukari vijiko 3 au 4 vya chai, usijikaze ufike nyumbani. Sukari ikiwa imepita 14 na unajisikia vibaya, pumzika siku hiyo na umtafute daktari. Anayetumia kidonge cha metformin peke yake, hatari ya kushukwa na sukari kwake ni ndogo. Wote wakague nyayo kila jioni, hata kati ya vidole. Ganzi huficha malengelenge. Kutembea dakika 10 baada ya chakula cha usiku ni zuri mno kwa kundi hili.

Dawa za kukojosha maji hukausha mwili haraka kwenye joto, muulize daktari unywe kiasi gani. Amlodipine, dawa ya presha, huvimbisha vifundo vya baadhi ya watu, hivyo usiulaumu mguu. Usisimame ghafla baada ya kutembea kwa kasi. Maliza na dakika 3 za taratibu. Na dawa usiache kwa sababu presha imeshuka. Daktari ndiye apunguze.

Mwezi wa Ramadhani nifanyeje?

Tembea polepole dakika 20 kabla ya futari, ili adhana ikute unakaribia kikombe cha maji, au toka baada ya tarawehe. Usiongeze kiwango mwezi huo. Kulinda ulichonacho kunatosha. Mwenye kisukari anayefunga aongee na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Lini naweza kukimbia?

Ukiweza kutembea kwa haraka dakika 40, siku 5, kwa wiki 4 mfululizo bila kiungo kuuma kesho yake. Hapo tembea dakika 5, kisha kimbia dakika 1 na kutembea dakika 2, mara 6. Siku 2 au 3 kwa wiki, isiwe siku zinazofuatana. Kimbia taratibu kiasi cha kuona haya. Wengine huwa hawafiki kwenye kukimbia, wanaendelea kutembea, na hawajakosa kitu. Anayehitaji tarehe ya kumsukuma ajiandikishe kwenye zile mbio fupi za kilomita 5, kama zile zinazoambatana na Kilimanjaro Marathon kule Moshi. Wengi hutembea mwanzo hadi mwisho.

Ni ishara gani za kusimama mara moja?

Kifua kubana au kuwa kizito, hasa maumivu yakielekea mkononi, shingoni au tayani. Kizunguzungu cha kutaka kuanguka. Moyo kwenda mbio bila mpangilio. Pumzi isiyorudi baada ya kupumzika dakika chache. Kaa chini, ita mtu, nenda hospitali, usiende nyumbani kulala. Pia ndama ya mguu mmoja ikivimba, ikauma na kuwa ya moto, nenda siku hiyohiyo. Inaweza kuwa damu iliyoganda.

Nilikatisha kwa sababu ya msiba na safari. Naanza upya?

Ikiwa ni wiki 1, endelea ulipoishia. Wiki 2 mpaka 4, rudi kwenye nusu ya dakika zako na upande kila wiki badala ya kila wiki 2. Zaidi ya miezi 2, anza na zile dakika 10. Kama uliugua malaria au homa kali, subiri siku kadhaa baada ya homa kuisha na hamu ya kula kurudi, kisha toka kwa dakika 10 bila kujali ulikuwa umefika ngapi.